Muulize Fundi: Verini ya tani 7 inashindwaje na mchanga wa tani 4?

Safari hii karibu barua zote ni za watu wa magari ya mizigo, na moja imenikalia kichwani kabisa maana shida yake ni ya wengi hapa Goma, kwa hiyo hiyo nitaijibu kwa urefu, zingine nitapitia haraka haraka, mnisamehe.

Swali

Fundi, salamu sana. Niko na Canter ya tani 3, ya zamani lakini moteri bado nzima, nabebea watu mchanga na mawe ya kujengea. Kinachonimaliza ni kushusha, vijana wa pauro (chepe) wanataka pesa yao kila safari na saa inapita bure. Sasa nikafanyisha bene ya chuma (sanduku la mzigo linaloinuka na kumwaga) huku Ndosho, urefu mita 3, upana mita 1.7, mbao za pembeni sentimita 40. Bawaba ziko nyuma, sentimita 20 kabla ya mwisho wa bene. Nikanunua verini moja (jeki ya mafuta ya presha) iliyotoka kwa mashine, bananiambia inabeba tani 7, piston ni milimita 80, inatoka sentimita 60. Pompi ni ya umeme volti 24, juu yake iliandikwa 150 bar. Mguu wa verini tuliufunga kwenye shasi upande wa kabini, kichwa chake kinasukuma bene mita 1.1 kutoka kwenye bawaba. Ikiwa imefungwa verini ni sentimita 85 pini kwa pini, na pini ya chini iko chini ya ile ya juu kwa sentimita 18 tu maana hakuna nafasi. Bene ikiwa tupu inapanda vizuri mpaka unafurahi. Nikiweka bruweti (toroli) tano za mchanga inapanda kwa shida. Nikijaza, pompi inalia, bene haitikisiki, na juzi kulehemu kwa mguu wa verini kumepasuka. Mchanga wote hauzidi tani 4, verini ni tani 7, sasa shida iko wapi? Wenzangu wanasema niongeze presha kwa kukaza ile skurubu ya pompi. Nikaze?

Dereva wa Canter, Ndosho

Jibu

Ndugu yangu, kwanza usikaze hiyo skurubu. Iache kabisa, tutairudia chini.

Aliyekuuzia verini hakukudanganya. Tani za verini zinapatikana hivi: chukua upana wa piston kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, halafu zidisha kwa 0.785, unapata eneo la piston. Yako ni 8 mara 8 ni 64, mara 0.785 inafika kama sentimita za mraba 50. Kila bar moja ya presha inasukuma karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, basi 50 mara 150 ni kilo 7,500, tani saba na nusu. Sawa. Ila hujaniambia hiyo 80 mliipima wapi. Kuna watu wanapima ule mti unaong'aa unaotoka nje, kuna wengine wanapima bomba kwa nje, na vyote viwili siyo piston, ile inayoteleza ndani ya bomba. Mti ni mwembamba kuliko piston, bomba kwa nje ni nene kuliko piston, na kosa la sentimita moja hapo siyo dogo: piston ya sentimita 7 kwa presha hiyo hiyo inakupa tani 5.8 tu. Kama huna njia ya kuifungua, pima bomba kwa nje kisha toa unene wa chuma mara mbili, utakuwa karibu na ukweli. Hapa nitachukua kwamba 80 ni kweli.

Sasa mzigo. Bene yako ni 3 mara 1.7 mara 0.4, yaani kama mita za ujazo 2. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6, ukilowa unafika 1.9 au hata 2, na wewe unajua mchanga wa Goma mkavu ni wa kubahatisha, mvua ya huku haipigi hodi. Kama hutaki kuniamini kwa namba hizo, na usiniamini maana mchanga unatofautiana machimbo kwa machimbo, chukua ndoo ya lita 20, jaza mchanga uleule unaobeba, usawazishe kwa juu, nenda kwa mtu yeyote mwenye mizani ya kupimia maharage au makaa upime, toa uzito wa ndoo, kisha zidisha mara 50. Ndoo ikiwa na kilo 38 za mchanga, basi mita ya ujazo ni kilo 1,900. Njia hiyo naipenda kuliko jedwali lolote la vitabu, na kwa mawe ya lava ndiyo inafaa zaidi, maana mawe yetu mengine yamejaa matundu kama mkate, mengine yamefungana ni mazito kweli, mtu wa mbali hawezi kukuambia uzito wake. (Kwa mawe tumia kitu kikubwa kuliko ndoo, pipa lililokatwa, maana kwa ndoo yatakaa matatu tu na nafasi tupu zitakuharibia hesabu.)

Kwa hiyo mita 2 za mchanga mbichi ni tani 3.8 na kidogo, bene yenyewe ya chuma tuseme kilo 500, jumla tani 4.4. Na hapo hapo nikutoe njiani kidogo: gari lako ni la tani 3. Ukitoa bene, mchanga wako peke yake umeshapita. Najua kila mtu anapitisha, nimeona Canter zinatoka njia ya Sake zimekaa chini mpaka matairi yanagusa bodi, lakini ukipunguza mbao za pembeni toka 40 kuja 30 unabeba kama mita 1.5, tani 2.9 za mchanga mbichi, na jumla na bene ni tani 3.4. Shika hiyo namba, nitaitumia.

Turudi kwa swali lako la tani 7 na tani 4. Verini haibebi mchanga juu ya kichwa chake kama jeki chini ya tairi. Bene inazunguka kwenye bawaba, kwa hiyo kinachohesabika ni uzito mara umbali wake kutoka kwenye bawaba, na upande wa pili ni nguvu ya verini mara umbali wake kutoka kwenye bawaba. Jaribu kusukuma mlango kwa kidole karibu na bawaba utaelewa bila mwalimu. Mzigo wako ukiwa umejaa sawasawa, uzito wake uko katikati ya bene, mita 1.5 toka mwisho, toa zile sentimita 20, unabaki na mita 1.3 toka kwenye bawaba. Tani 4.4 mara 1.3 ni 5.7. Hiyo 5.7, tuiite tani-mita, njo deni la verini yako.

Sasa verini inalipa ngapi? Hapa njo watu wengi wanapotea. Wanapima toka kwenye bawaba mpaka kwenye pini ya juu, wanapata 1.1, wanazidisha kwa 7.5, wanapata zaidi ya 8, wanafurahi, wanaenda kununua pompi. Ile 1.1 ingekuwa kweli kama verini ingekuwa imesimama wima. Yako imelala. Ikilala, nguvu nyingi inasukuma shasi na bene kwa urefu, moja mbele moja nyuma, na kidogo tu ndiyo inaenda juu.

Hauhitaji kujua hesabu za pembe. Chukua kamba, ifunge kwenye pini ya chini, ipitishe kwenye pini ya juu, uivute inyooke na iendelee mpaka ipite eneo la bawaba. Kamba hiyo inaonyesha mstari ambao verini inasukuma. Sasa chukua ekeri ya seremala (kipimo cha pembe mraba), weka upande mmoja ulale kwenye kamba, na upande wa pili uisogeze mpaka uguse katikati ya pini ya bawaba. Pima hapo, toka kwenye bawaba mpaka kwenye kamba, kwa mraba. Hicho kipande kifupi njo mkono wa kweli wa verini. Fanya bene ikiwa imelala chini kabisa, kwa sababu mwanzo njo wakati mgumu kuliko wote.

Wewe umenipa vipimo kwa hiyo kamba yako naweza kuivutia hapa mezani: kushuka 18 gawanya kwa urefu wa 85, mara mita 1.1, ni sentimita 23. Ishirini na tatu! Tani 7.5 mara 0.23 ni 1.7. Deni ni 5.7, wewe unalipa 1.7.

Na angalia vile hesabu hiyo inaeleza kila kitu ulichoandika. Bene tupu ni nusu tani mara 1.3, yaani 0.65, ndiyo sababu inapanda mpaka unafurahi. Gawanya 1.7 kwa 1.3 unapata tani 1.3, toa bene inabaki kama kilo 800 za mchanga, hapo bruweti tano zinapita kwa shida na ukiongeza mbili tatu imeisha. Na kupasuka kwa mguu wa verini ni hivyohivyo: pompi ikifika mwisho wa presha, tani saba na zaidi zinasukuma ule mguu kwenda mbele, siyo kwenda chini, na fundi aliyeuchomelea bila shaka alifikiria mzigo wa kutoka juu.

Ungekaza skurubu ungepata nini? Ili kulipa 5.7 kwa mkono wa sentimita 23 unahitaji tani 25, yaani kama bar 500. Hakuna mpira wa kupitisha mafuta, hakuna pompi ya namna yako, hakuna mguu wa kuchomelea wa kustahimili hiyo. Ile skurubu ni ya valvu ya usalama. Kiwango cha presha kinapangwa na kitu dhaifu kuliko vyote katika mfumo, mara nyingi ni mpira au verini kuukuu, siyo na hamu ya mwenye gari.

Dawa. Wengi wangekuambia nunua verini kubwa, na mimi nasema hapana, verini uliyonayo inatosha ukiipa nafasi, ila mambo mawili yabadilike. La kwanza mbao za pembeni zishuke kuja 30. Jumla tani 3.4, mara 1.3, deni ni 4.4. La pili, igeuze verini. Mguu wake usiwe upande wa kabini, uwe upande wa nyuma, sentimita 75 kutoka kwenye bawaba, na uwe chini ya pini ya juu kwa sentimita 40 badala ya 18. Pini ya juu iende mita 1.5 toka kwenye bawaba. Pini kwa pini bado ni 85, haubadilishi verini. Sasa vuta kamba yako tena: mkono unakuwa sentimita 70. Mara 7.5 ni 5.3. Deni 4.4, malipo 5.3, unabaki na akiba kama asilimia 20, ya msuguano, ya betri iliyochoka, ya mteja aliyekuongezea pauro tatu za bure. Bene ikianza kupanda mkono unazidi kuongezeka na deni linapungua, kwa hiyo ikikubali sentimita kumi za kwanza imekubali yote.

Kwa nini kuigeuza? Ungeiacha mguu mbele ukaishusha tu sentimita hizo 40 na pini ya juu ukaipeleka 1.5, mwanzo ungekuwa na nguvu ileile, lakini zile sentimita 60 za kutoka zingeisha bene ikiwa digrii 28 tu. Mchanga mkavu wenyewe unaanza kuteleza kama digrii 34, mbichi unashika zaidi, ungekuwa na bene inayoinama kusalimia halafu vijana wa pauro wanapanda palepale. Ukigeuza, sentimita 60 zinakufikisha kama digrii 42.

Usiniamini kwa maneno, kata kartoni. Kipimo: sentimita 1 ya kartoni ni sentimita 10 za gari. Kata kipande kirefu cha sentimita 30, hicho njo bene, kipige msumari sentimita 2 kutoka mwisho kwenye ubao, hiyo njo bawaba. Weka alama ya pini ya juu, alama ya mguu kwenye ubao, kisha inua kartoni polepole na rula mkononi, pima umbali wa alama mbili. Ukianza ni 8.5, na hauruhusiwi kupita 14.5. Sogeza mguu huku na huku uone. Jioni moja na kartoni ya sabuni itakuokolea fimbo nyingi za kulehemu.

Tatizo litakuja kwenye ponti (ekseli) ya nyuma. Sentimita 75 toka kwenye bawaba, kwenye Canter fupi, ni karibu kabisa na ponti, na verini itapita juu yake. Gari likiwa tupu utaona nafasi, likijazwa resori (springi) zinakaa na ponti inapanda, verini na ponti zinakutana. Kwa hiyo pima gari likiwa na mzigo, au weka gogo juu ya ponti lenye unene sawa na umbali ambao resori zinakaa zikibeba mzigo. Dawa yake ya kawaida ni shasi ndogo ya pili juu ya shasi ya gari, chuma cha U cha sentimita 10 au 12, bene inakaa juu yake, bawaba zinashikwa nayo, na mguu wa verini unashikwa nayo pia. Unapata nafasi kwa chini, na nguvu zote za verini zinazunguka ndani ya hiyo shasi ndogo badala ya kukunja shasi ya gari. Iunganishe na shasi ya gari kwa bolti na vipande vya kando, kwenye ubavu wa shasi. Usichomelee wala kutoboa sehemu za juu na chini za shasi, watengenezaji wa malori wanakataza, na ufa ukianza pale unaendelea wenyewe. Na kabla ya kufunga chochote, zungusha kardani (ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya moteri kwenye ponti) kwa mkono uhakikishe haigusi.

Ukimaliza, nunua manometa (kipima presha), kitu kidogo, uifunge kwenye mstari wa pompi. Hesabu inasema kwa mzigo kamili sindano itasimama karibu na 125 bene inapoanza kutoka. Ikisoma 150 na haitikisiki, kuna kitu umepima vibaya au umepakia zaidi. Ikisoma 80 na haitikisiki, shida siyo mzigo, pompi au valvu inavuja ndani.

Na hili siyo la mjadala: hakuna mtu kuingia chini ya bene iliyoinuliwa kwa verini peke yake, hata ikiwa tupu, hata kwa dakika ya kukaza bolti moja. Tengeneza nguzo ya chuma inayokaa palepale kwenye shasi, unaisimamisha kwanza. Mpira ukipasuka bene inashuka kabla haujasikia sauti. Na ukiona mpira unavuja kamwe usitafute tundu kwa kidole, mafuta ya presha hiyo yanapenya ngozi kama sindano, tundu linaonekana dogo kama la mwiba kumbe ndani yameshasambaa, mtu wa namna hiyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi ni mafuta ya presha, asiseme amechomwa tu.

Swali

Mukubwa, mimi naunda remoruke (trela) ndogo ya bene, nina pompi ya stering (usukani) ya gari moja lililoanguka. Wengine wanasema inatosha, wengine wanasema haina nguvu. Nisikilize nani?

Msomaji wa Birere, Goma

Jibu

Wote wana haki kidogo. Tani zinatoka kwenye presha na upana wa piston, mwendo unatoka kwenye lita ambazo pompi inatoa kwa dakika, ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Pompi nyingi za stering za magari madogo zinacheza kwenye bar 80 mpaka 120, kwa hiyo ukihesabu, hesabu kwa 80. Verini ya piston ya milimita 63 ina eneo la sentimita za mraba 31, mara 80 ni tani mbili na nusu hivi. Kwa remoruke ya tani moja, na ukipima mkono kwa kamba kama nilivyomweleza ndugu wa Ndosho, inawezekana kabisa. Kinachoua pompi hizo ni joto: kachupa kake ka mafuta ni kadogo, valvu ikifunguka na wewe bado unasukuma, mafuta yanazunguka palepale yanachemka. Muwekee tanki kubwa zaidi ya mafuta yote yanayoingia kwenye verini, na ukifika mwisho acha, usiendelee kushikilia. Aliye na pompi ya umeme naye asifikiri amepona, pompi ya lita 6 kwa dakika kwa bar 150 inakula zaidi ya ampea 80 kwenye volti 24, waya mwembamba utaungua au pompi itazunguka kichovu na utailaumu verini.

Swali

Papa Fundi, huku kwetu Kadutu hakuna mahali pa tambarare. Bene yangu inafanya kazi vizuri lakini kila nikimwaga naogopa, juzi gari liliinama mpaka tairi moja likaachia udongo. Ni resori zimechoka?

Msomaji wa Bukavu

Jibu

Resori zilizochoka upande mmoja zinachangia, zikague, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa umeinama kando na bene iko juu. Bene ikilala uzito uko chini, ikipanda uzito unapanda nayo zaidi ya nusu mita, na kama gari limelalia upande wa kushoto ule uzito unatoka juu ya matairi na kwenda nje. Mchanga mbichi unazidisha ubaya kwa sababu haushuki wote pamoja, upande mmoja unateleza, mwingine unabaki umeganda juu kabisa kwenye kona ya mbele, na sasa gari lina mzigo wa upande mmoja tena juu. Verini moja ya katikati haiwezi kuzuia bene kujipinda, bawaba ndizo zinazoshika, kwa hiyo bawaba ziwe mbali mbali iwezekanavyo na pini zake zisiwe zimelika.

Kwa Bukavu ningefanya hivi: gari likae kwa urefu wa mteremko, siyo kwa upana, na kabini ielekee juu au chini kulingana na barabara, ila matairi mawili ya nyuma yawe sawa. Tazama bene kutoka nyuma kabla ya kuinua, mwambie mtoto ashike kamba yenye jiwe, ukiona bene na kamba haviendani waziwazi, weka mawe chini ya tairi la upande wa chini au tafuta mahali pengine. Mlango wa nyuma ufunguliwe kabla ya kuinua, wewe ubaki kwenye kifaa cha kushusha, watu wasimame mbele ya gari na si pembeni. Mchanga ukiganda usitikise gari kwa kurudi na kusimama ghafla bene ikiwa juu, nimeona watu wanafanya hivyo kila siku na mimi moyo unanidunda. Shusha bene, ingia na pauro, inua tena.

Swali

Fundi nisaidie haraka, mafuta ya verini yamekwisha na dukani nimepata ya breki tu. Niweke?

Msomaji wa Katindo, Goma

Jibu

Hapana. Mafuta ya breki siyo mafuta kama ya moteri, ni kitu kingine kabisa, na raba za verini nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya madini, zikikutana na ya breki zinavimba zinalainika, baada ya muda verini inatema kila mahali. Tafuta mafuta ya hidroliki namba 32 au 46. Ukikosa kabisa, mafuta ya moteri mepesi ya 10W yatakusogeza, mashine nyingi kubwa zinatumia ya namna hiyo. Usichanganye na ya zamani yaliyokaa kwenye kopo wazi, na chuja yote kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi kabla ya kumimina, maana vumbi letu la lava linakwaruza chuma kama msasa. Ukishajaza, inua na kushusha bene tupu mara kadhaa ili hewa itoke, kisha angalia tena kiasi bene ikiwa chini, siyo ikiwa juu, la sivyo tanki litafurika ikishuka.